Namna ya Kuichakaza Ndege Mpya

Watu wenye akili zao wakitoka kazini huenda kucheza bao, au hukaa kibarazani wakanywa kahawa na kuilaumu serikali. Wewe umeamua kuunda ndege za kivita za plastiki. Hongera. Umechagua starehe itakayokupa maumivu ya mgongo, vidole vilivyoganda gundi, na uadui wa kudumu na watu wa Ucheki ambao hamjawahi kuonana, chanzo kikiwa rangi ya kijani. Mwongozo huu umeandikwa na mtu aliyekwishapotea, ili na wewe upotee kwa utaratibu.

Anza na vipimo, maana hapo ndipo utakapojifunza kuongea kama mjuzi kabla hujajua chochote. Ndege hizi hupunguzwa kwa uwiano: 1/72, 1/48, 1/32. Ile ya 1/72 ndiyo kongwe. Mtu wa futi sita ukimpunguza mara 72 anabaki na kimo cha inchi moja kamili, na Waingereza wa wakati ule, waliopima kila kitu kwa futi na inchi, waliona hesabu imetulia. Kiwanda cha FROG kilianza kuuza ndege za kipimo hicho mwaka 1936. Vita vilipopamba moto, mwaka 1942, Jeshi la Majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge ndege za mbao za kipimo hichohicho na kuzipaka rangi nyeusi, ili marubani na wapiga mizinga wazoee kutambua umbo la ndege ya adui na la ndege ya kwao. Nyeusi tu. Hakuna mwanafunzi aliyeulizwa weusi wake ni wa kiwanda gani. Kisha mwaka 1953 kiwanda cha Airfix kikatoa Spitfire yake ya kwanza, ikauzwa kwenye maduka ya Woolworths kwa shilingi mbili. Mtoto alinunua Jumamosi asubuhi, mchana imeshikana, jioni inaning'inia darini kwa uzi, na wiki ya pili imechomwa kiberiti uani ili ife vitani kiume.

Hiyo ndiyo ndege iliyofaidiwa. Yako itakuchukua miezi saba na hakuna atakayeruhusiwa kuigusa.

Sasa chagua ndege. Huko Uingereza anayeanza hupewa Spitfire, kama huku mgonjwa anavyopewa uji. Lakini mtu wa pande zetu ana mengi ya kuchagua bila kutoka nyumbani. Ukitaka kuanzia mbali, kuna zile Farman na Caudron zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia mwaka 1915, zikawaelekeza wapiga mizinga wa meli za Kiingereza, Severn na Mersey, mpaka wakaimaliza manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha kwenye delta ya Rufiji. Ni ndege za kupendeza, ila mabawa yake yameshikiliwa na nyaya nyingi kuliko nguzo ya umeme ya Kariakoo, na kila waya utaufunga kwa unywele. Hakikisha nyumbani kuna mtu mwenye nywele ndefu na moyo mpana. Kuna Gladiator, aina ya ndege aliyoibwaga Roald Dahl kwenye jangwa la Afrika Kaskazini Septemba 1940; mwandishi huyo alikuwa mfanyakazi wa Shell hapa Dar es Salaam, na vita vilipoanza akaenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Faida ya Gladiator ya Dahl ni kwamba ukiharibu pua, unasema ndivyo ilivyookotwa. Kuna F-5 za Kenya, kwa wapenda wembamba. Na kuna Tu-22 ya Libya, iliyotumwa kuipiga Mwanza mwaka 1979 kumsaidia Idi Amin wa Uganda, shabaha ikawakataa, vishindo vikaishia kwenye hifadhi ya kisiwa cha Saanane na kuua swala. Hiyo naipendekeza kwa wanaoanza. Hata wenyewe walikosea vipimo.

Mimi nilichagua MiG-21. Ziliundwa zaidi ya 10,000, kwa hiyo popote unapokosea unaweza kudai kwamba kulikuwa na moja ya namna hiyo. Uganda ilizitumia kwenye Vita vya Kagera, na baadhi zikatekwa Entebbe mwaka 1979. Tanzania nayo ilikuwa na F-7, ambayo ni MiG-21 iliyopitia China. Ndege yenyewe ni ndogo kuliko sifa zake: kutoka ncha ya bawa moja hadi ya jingine ni mita 7.15, karibu sawa na urefu wa Coaster ya abiria. Kwa kipimo cha 1/48 mabawa yanakuwa sentimita 15, na urefu wa ndege kama mara mbili ya hapo. Inakaa vizuri kwenye sinia la pilau. Usiiweke kwenye sinia la pilau. Nimekwishajaribu, na maneno yaliyofuata hayakuhusu ndege.

Kuipata ni hatua peke yake. Duka la vitu hivi hutalikuta mtaani kwako. Utaagiza nje, na boksi litapitia kaunta ya ofisi moja ambayo sitaitaja. Juu ya boksi kuna picha ya ndege inayotema moto. Afisa ataligeuza boksi, atavaa miwani, atasoma.

“Hii nini?”

“Ndege, mkuu. Ya plastiki. Ya kuunganisha.”

“Ndege ya kivita?”

“Vipande tu, mkuu.”

“Kwa hiyo unaingiza vipande vya ndege ya kivita.”

Hapo usicheke. Na usiseme kwamba makombora yamo kwenye kifuko cha pembeni, kama nilivyosema mimi, kwa nia njema kabisa ya kueleza thamani ya mzigo. Sema ni kitu cha kuchezea mtoto. Ukiulizwa mtoto ana miaka mingapi, chukua umri wako, toa arobaini.

Ukifika nalo nyumbani, lifungue, unuse. Hakuna maelezo yanayotaja kunusa lakini kila mtu hunusa. Vipande vinakuja vimeshikana kwenye fremu za plastiki kama maembe machanga kwenye tawi, kila kimoja na namba yake. Soma karatasi ya maelekezo mara moja kwa heshima. Utagundua kwamba kazi haianzi na bawa wala mkia. Inaanza na kiti.

Hapa naomba tukae kidogo, maana mimi nilikaa usiku tisa.

Kiti kilichomo kwenye boksi kingemfaa mtu mwingine. Wewe utaagiza mikanda ya kiti peke yake, kibati cha shaba chembamba kama jani la mwarobaini, kilichochongwa kwa asidi mpaka matundu ya mkanda yanaonekana. Uzito wake haufiki wa punje ya mchele, na bei yake hutamwambia mtu. Kisha utapaka chumba cha rubani rangi ya feruzi, ile kijani inayotaka kuwa buluu, ambayo MiG-21 zilipakwa ndani kwa sababu, inasemekana, inatuliza macho ya rubani. Yangu haijayatuliza. Usiku wa tatu na wa nne ni wa dashibodi. Kila saa ya dashibodi ni ndogo kuliko kichwa cha kiberiti. Unanoa kijiti cha meno kwa wembe, unachovya ncha kwenye rangi nyeupe, unabana pumzi, unasubiri moyo upige, na kabla haujapiga tena, unagusa. Ukiwahi, unapata mshale wa saa. Ukichelewa, unapata jicho la samaki wa kukaanga, na unafuta, na unaanza upya.

Usiku wa tano unakunja mikanda. Shaba hiyo hukubali kukunjwa mara moja. Ya pili inakatika. Nilipoibana kwa kibanio, mkanda wa bega la kulia ukachomoka, ukalia tii, ukaenda. Sasa hii nayo ni sehemu ya fani na haina budi kufundishwa: kipande kikiruka, usisogee. Sikiliza kilikotua. Kisha piga magoti na tochi, shavu sakafuni, utambae kutoka kwenye meza kuelekea mlangoni. Hutakiona. Utaona sarafu za mia mbili, kipande cha ndege ya mwaka juzi ambacho sasa hakina kazi, na hereni ya mama watoto ambayo binti wa kazi alisimangwa nayo mpaka akaondoka. Hilo linahitaji mwongozo wa aina nyingine.

Mkanda wa bega nilitengeneza kwa karatasi ya sigara. Usiku wa tisa kiti kikakamilika, nikakipiga picha kumi na saba. Kisha nikafuata maelekezo: kiti ndani, nusu mbili za kiwiliwili zibanwe, kioo juu. Kiti kikatoweka. Ukimulika tochi kwa ubavuni na kufumba jicho moja, unaona kitu cheusi ambacho kinaweza kuwa sehemu ya kuegemeza kichwa. Ni kama bibi harusi aliyechorwa hina nyayoni kutwa nzima, halafu akavalishwa soksi. Utajiambia, “Lakini mimi najua ipo.” Ukishasema maneno hayo kwa sauti, ukiwa peke yako chumbani, umekuwa mwenzetu.

Chama chenyewe kipo. Kinaitwa IPMS, kilianzia Uingereza mwaka 1963, na kila Novemba wanachama hukusanyika Telford kwa maonyesho makubwa. Waamuzi wa mashindano huja na tochi zao mfukoni. Usiwacheke. Ni watu pekee chini ya jua watakaoitazama mikanda yako.

Kuhusu gundi nitasema machache. Ile ya plastiki kwa kweli haigundishi: inayeyusha pande zote mbili mpaka zinakuwa kitu kimoja, na ikikuta kidole chako katikati, inachukua alama ya kidole na kuihifadhi juu ya bawa vizuri kuliko ofisi ya vitambulisho. Supaglu ni habari nyingine. Hiyo hukauka kwa kunywa unyevu wa hewani, na wanaoandika maelekezo yake wanaishi nchi za baridi kavu; wanakwambia una sekunde kadhaa za kurekebisha. Dar es Salaam mwezi wa Aprili, mvua za masika zikiwa zimetanda, huna sekunde yoyote. Unayo nia tu. Tena mvuke wake ukipanda kwenye kioo cha rubani unaacha ukungu mweupe usiotoka, kana kwamba rubani amefariki akiwa anachemsha maji.

Usisahau uzito wa puani. Ndege yenye gurudumu la mbele ukiiacha tupu hukalia mkia kama mbwa anayesubiri mfupa. Nenda ufukweni kwa wavuvi, nunua chubwi, uzifiche puani kabla hujafunga. Ndege yangu ya kwanza nilifunga kabla. Inaonyesha ikiwa inapaa.

Baada ya hapo ni puti na msasa, msasa na puti, kwa majuma ambayo hayana masimulizi. Ila hesabu moja ikupe hofu ya Mungu. Ufa wa milimita 0.2 unaouacha kati ya bawa na kiwiliwili, ambao mama watoto anaapa hauoni, kwenye ndege halisi ungekuwa karibu sentimita nzima. Fundi angeweza kuuchungulia kuona mchana. Na rangi ukiipaka nene kwa unene wa milimita 0.1, hiyo si rangi tena, ni plasta ya karibu milimita tano. Ndiyo maana wenye fani hawatumii brashi. Hutumia kipuliza rangi chenye ncha kama sindano na kompresa inayonguruma saa nne usiku mpaka jirani agonge ukuta. Ukiwa katikati ya bawa la kushoto, umeme utakatika. Bawa la kulia utalipuliza keshokutwa, kwa mchanganyiko mwingine, na maisha yako yote utawaambia wageni kwamba bawa hilo lilibadilishwa vitani.

Tumefika kwenye kijani.

Nilidhani kijani ni kijani. Juni 1940 jeshi la anga la Uingereza liliagiza matumbo ya ndege zake za kivita yapakwe rangi iitwayo Sky. Rangi yenyewe ikawa haitoshi, vituo vikachanganya za kwao, nyingine zikaelekea buluu, nyingine zikaelekea yai la bata, na tangu siku hiyo mpaka leo, zaidi ya miaka 80, watu wazima wenye wajukuu wanagombana juu ya matumbo hayo. Marekani walitunga orodha ya serikali, Federal Standard 595, kila rangi na namba yake ya tarakimu tano, ili ugomvi uishe. Ugomvi ukapata namba. Kisha wakatokea wanafalsafa wanaosema kwamba ndege ndogo iliyo karibu ni sawa na ndege kubwa iliyo mbali, na kitu kilicho mbali hupauka kwa hewa, kwa hiyo hata ukiipata rangi halisi ya kiwandani, iliyochotwa kwenye pipa lenyewe, umekosea, ongeza nyeupe. Kiasi gani? Hapo ndipo nilipofarakana na bwana mmoja wa Ucheki. Nilimtumia picha ya bawa langu. Akajibu kwamba kijani hicho hakikuwahi kuwepo katika Umoja wa Kisovyeti. Nikamuuliza kama aliwahi kuiona MiG-21 kwa macho. Akasema amezaliwa mwaka 1994. Mimi nami sikumwambia kwamba yangu niliiona kwa mbali, nikiwa mtoto, nikiwa nimeziba masikio na kufumba macho.

Rangi ikishakauka na kung'aa, bandika nembo. Zinakuja kwenye karatasi. Unailoweka, zinateleza, unaziteremsha mahali pake kwa brashi yenye maji, na zikigoma kulala kwenye kona unazipaka siki kidogo. Zimo nembo kubwa za taifa, hizo ni rahisi, na yamo maandishi madogo ya Kirusi ambayo nadhani yanasema usikanyage hapa na mafuta yaingilie hapa. Nilibandika moja juu chini. Hakuna aliyeona mpaka nilipowaonyesha. Taa za ncha za mabawa ni nyekundu kushoto, kijani kulia, na dawa yake ni rangi ya kucha. Nyekundu ipo ndani ya nyumba. Ya kijani utainunua mwenyewe, na chupa ikikutwa mfukoni mwako, sema ukweli. Ukweli wenyewe hauaminiki, lakini hakuna uongo utakaokusaidia zaidi.

Sasa unayo ndege mpya, inang'aa, haina doa. Hongera tena. Iharibu.

Hiki ndicho kiini cha fani na ndicho kigumu kumweleza mtu. Ndege ya kweli imenyeshewa, imekanyagwa na mafundi, imemwagiwa mafuta, imeungua nyuma. Yako lazima ifanane. Unapaka wino mwembamba wa mafuta kwenye mistari ya mabati ili uchafu ukae. Unachubua kingo za mabawa kwa kalamu ya fedha, pale buti la fundi lingepita. Nyuma kwenye bomba la moto unapaka unga wa mkaa; mimi nachukua wa jikoni, wa kununua una jina la Kijapani na bei ya Kijapani.

Tina ya kuzimulia rangi naichukua kwa fundi mmoja wa magari Ilala. Siku hiyo alikuwa anapuliza mlango wa Corolla, nyeupe, mwenye gari amesimama pembeni na mikono kiunoni. Fundi akaniuliza tina yote hiyo ninapaka nini.

“Ndege.”

“Unaipiga rangi mpya?”

“Nimeshapiga. Sasa naichubua.”

Akazima kompresa. Mtu wa gereji hazimi kompresa hovyo.

“Unaichubua kwa nini?”

“Ionekane imetumika.”

“Kwani haijatumika?”

“Haijatumika. Haiwezi hata kuruka.”

Akaita vijana wake waje wanione. Kisha akamgeukia mwenye Corolla, aliyekuwa analipa laki tatu ili gari lake lisionekane limetumika, akasema, “Bosi, wewe na huyu kaka mngekutana mapema, mimi msingenihitaji.” Tina alinipa bure. Mpaka leo nikipita hapo vijana wananiuliza kama ndege imeshaoza.

Ushauri mmoja wa dhati katikati ya upuuzi huu: jizuie. Ukishaonja kuchakaza, mkono hausikii. Kutu kidogo, masizi kidogo, mvujo wa mafuta hapa, mwingine pale, na asubuhi unaikuta ndege yako si ya vitani tena, ni ya kupimwa kwa kilo na mnunuzi wa vyuma chakavu.

Na akiba ya maboksi? Hilo nililitaka kulipita kimya kimya. Kabla hujamaliza ndege ya kwanza utakuwa umenunua ya pili, kwa sababu ilipunguzwa bei. Ya tatu, kwa sababu kiwanda kitaacha kuitoa. Ya nne mpaka ya kumi na moja kwa sababu ambazo sitazikumbuka mbele ya mashahidi. Hesabu yangu binafsi, kwa ndege moja kila miezi saba, inaonyesha kwamba boksi la mwisho nitalifungua nikiwa na miaka 91. Mama watoto aliyakuta chini ya kitanda cha wageni. Akayahesabu kwa sauti. Nami nikainuka bila neno, nikafungua sanduku lake, nikatoa doti za kanga, hazijakatwa, hazijapindwa, nyingine na karatasi ya dukani, nikaanza kuhesabu kwa sauti. Nilipofika ishirini na mbili akasema chakula kiko tayari. Tangu siku hiyo kuna amani katika nyumba yetu na hakuna anayefungua cha mwenzake.

MiG-21 ilikamilika mwezi wa Novemba. Mtaani kwetu yuko mzee aliyekuwa fundi wa ndege jeshini, Ngerengere, aliyezishika F-7 kwa mikono yake. Nikaona hapa ndipo bwana wa Ucheki atakapofungwa mdomo. Nikaifunika ndege kwa kitambaa, nikaenda.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Umeniletea nini, keki?”

Nikafunua. Akaichukua kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga, na papo hapo akaigeuza tumbo juu. Hakutazama kioo. Hakutazama nembo. Akapitisha ukucha kwenye tumbo, taratibu, akasimama mahali fulani karibu na mlango wa gurudumu, akacheka peke yake. “Hapa,” akasema, “mafuta yalikuwa yanashuka mpaka kwenye kwapa.”

“Mzee, na hiki kijani? Kiko sawa?”

“Kijani kipi?”

“Hiki cha juu.”

Akaigeuza, akakitazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya mlango wa shule ya msingi. “Sisi tulikuwa chini,” akasema. “Juu kulikuwa na jua.”

Akaiweka juu ya stuli. Akainama mpaka jicho likawa usawa wa magurudumu, magoti yakilia, akakaa hivyo kitambo, nikadhani ameona mkanda wa karatasi ya sigara.

“Hii haijatua,” akasema.

“Vipi, mzee?”

“Tazama tairi. Duara tupu, kama sarafu. Tani saba, tani nane zimekaa juu ya tairi, na tairi lisibonyee? Lazima chini lilale kidogo. Hii yako iko hewani bado, umeishushia magurudumu tu.”

Nilimshukuru. Nikarudi nyumbani, nikachukua msasa namba 400, nikasugua tairi la kushoto upande wa chini, kidogo tu. Nikaisimamisha mezani. Ikainamia kushoto. Nikasugua la kulia. Ikainamia kulia. Nikarudi la kushoto, halafu la kulia, halafu la kushoto tena, na adhana ya isha inaingia mabawa yakawa sawa kabisa, ila nyuma ilikuwa imeshuka na pua imenyanyuka kama Coaster iliyopakia viazi siti za mwisho. Sasa hivi niko kwenye gurudumu la pua.